Kupima Misiba ya Baharini

Kila merikebu kubwa ya mafuta ivunjikapo baharini, swali la kwanza liulizwalo na watu wa mbali ni hili: Zimemwagika tani ngapi? Hesabu ikiisha kutolewa huandikwa katika orodha, na orodha hupangwa kwa ukubwa, msiba wenye tani nyingi ukawekwa juu na wenye tani chache chini. Basi asomaye orodha hiyo hudhani amekwisha kujua ni msiba upi uliokuwa mzito na upi uliokuwa mwepesi. Lakini watu waliokuwapo ufukoni siku ile, wavuvi na wenye mitumbwi na wanawake waokotao chaza, wakisomewa orodha ile ile hawasikii humo habari zao. Nataka kuonyesha, kwa mambo yaliyotukia kweli tangu mwaka 1967 hata 2020, ya kuwa tani ni kipimo kimoja tu, tena mara nyingi hakituambii lile lililo kubwa.

Kwanza tuielewe tani yenyewe. Ni kilo 1,000. Mafuta yatokayo kisimani, kabla ya kusafishwa, tani yake moja hujaza madebe zaidi ya hamsini ya lita 20. Wenye merikebu za mafuta wana shirika lao mjini London, liitwalo kwa kifupi ITOPF, lililoanzishwa mwaka 1968, nalo ndilo liwekalo hesabu hizi. Mafuta yaliyomwagika yakiwa chini ya tani 7, msiba huitwa mdogo. Tangu tani 7 mpaka 700, huitwa wa kati. Yakipita 700, huitwa mkubwa. Mpango huu una faida yake. Kwa huo twajua ya kwamba katika miaka ya 1970 hadi 1979 misiba mikubwa ilipita ishirini kila mwaka kwa wastani, na katika miaka ya 2010 hadi 2019 wastani wake haukufika miwili. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, na la kuwashukuru waliolazimisha merikebu za mafuta zijengwe na kuta mbili za chuma, ili ule wa nje ukipasuka wa ndani uzuie. Lakini ngazi hii ya vidato vitatu haiulizi ni mafuta gani yaliyomwagika, wala ni bahari ipi iliyoyapokea, wala ni nani aliyekuwa akila kutoka katika bahari hiyo.

Mwalimu wa kwanza wa mambo haya ni merikebu Torrey Canyon. Ilijengwa Marekani, ikaanza kazi mwaka 1959. Baadaye ikapelekwa Japani, ikakatwa na kuongezwa urefu, hata ikafika karibu mita 300. Wenyewe walikuwa watu wa Marekani, bendera yake ya Liberia, nahodha Mwitalia, na shehena ilikuwa ya kampuni ya Waingereza. Msomaji aweza kuona tangu hapa kwamba siku ya kosa itakuwa kazi kumtafuta mwenye kulipa. Mwezi wa Machi 1967 ilikuwa ikitoka Kuwait na mafuta yapatayo tani 119,000, ikielekea bandari ya Milford Haven, katika nchi ya Wales.

Nahodha alikuwa na haraka. Merikebu iliyozama kiasi kile majini haikuweza kuingia Milford Haven ila maji yajaapo sana, na kama angeyakosa maji ya usiku wa tarehe 18 Machi, ingempasa kungoja siku kadhaa. Kwa hiyo, badala ya kuvizunguka visiwa vya Scilly kwa mbali, alipita njia ya ndani, kati ya visiwa hivyo na miamba iitwayo Seven Stones. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 18, merikebu ilipanda mwambani kwa mwendo wake wote, ikakaa pale.

Yaliyofuata yanastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo watu walipojifunza, na ada ya mafunzo ilikuwa kubwa. Hapajapata kutokea jambo kama hili kwa ukubwa huo, wala hapakuwa na sheria iliyosema nani afanye nini. Mabaharia wa Kiholanzi, wenye ufundi wa kuziokoa merikebu, walikwenda kujaribu kuivuta. Tarehe 21 moshi wa mafuta ulilipuka katika chumba cha mitambo, na mkubwa wao akafa. Jumapili ya Pasaka, tarehe 26, wakiwa bado katika kuivuta, merikebu ikavunjika mgongo, na mafuta yakatoka kwa wingi kuliko kwanza. Ndipo serikali ya Uingereza ilipokata shauri la kuichoma. Tangu tarehe 28 mpaka 30 ndege za vita zikaitupia mabomu na mafuta ya kuwasha moto, watu wakitazama kutoka pwani ya Cornwall, hata ikazama.

Huko ufukoni watu walikuwa na vita vingine. Mafuta mazito yalikuwa yamefika Cornwall, meusi, yenye kunata, yakijaza kila hori. Siku za kuja wageni wa mapumziko zilikuwa karibu, nao wenyeji wengi huishi kwa wageni hao. Basi ikaonekana vema kuyaondoa upesi. Askari na watu wa kujitolea wakaletewa dawa za namna ya sabuni kali, zilizotengenezwa kwa kusafishia matangi na mitambo, wakazimwaga juu ya bahari na juu ya miamba na juu ya mchanga, zipatazo tani 10,000 kwa jumla. Mafuta yakageuka maziwa, yakashuka na maji. Kwa macho, ufuko ulikuwa umeponywa.

Wataalamu wa viumbe vya baharini katika mji wa Plymouth waliacha kazi zao nyingine zote, wakaenda kutazama pwani. Habari walizoandika mwaka 1968 zilishangaza wengi. Mahali palipofikiwa na mafuta matupu, viumbe wengi wa miambani walikuwa wazima. Palipomwagwa dawa kwa wingi, walikuwa wamekufa karibu wote. Kuna konokono wa baharini mwenye gamba kama kofia, ashikamanaye na mwamba, ambaye chakula chake ni mwani mchanga. Huyu alipokufa, hapakuwa na wa kuula mwani, nao ukaota hata miamba ikawa kijani yote. Kisha konokono wachanga wakaja wengi mno, wakaumaliza mwani, wakafa kwa njaa. Mambo yalipanda na kushuka hivyo, na katika mahali palipomwagwa dawa nyingi zaidi hali ya kwanza haikurudi mpaka ilipopita miaka kumi, na pengine kumi na mitano. Lakini katika pwani hiyo hiyo kuna mahali paitwapo Godrevy, ambapo sili huzaa. Kwa ajili ya wanyama hao dawa haikumwagwa pale. Mafuta yaliachwa kwa mawimbi, na baada ya miaka miwili au mitatu miamba ya Godrevy ilikuwa kama zamani.

Tafadhali msomaji aliweke hili moyoni. Tani zilikuwa zile zile za merikebu moja, mwezi ulikuwa mmoja, bahari ilikuwa moja. Tofauti ya miaka mitatu na miaka kumi na mitano ilitoka katika mikono ya watu waliokuja kusaidia. Simlaumu askari aliyeshika bomba la dawa. Alitumwa, naye alifanya kazi usiku na mchana. Lakini mtu akiniuliza msiba wa Torrey Canyon ulikuwa mkubwa kiasi gani, siwezi kumjibu kwa tani 119,000 nikanyamaza. Ndege wa baharini 15,000 au zaidi wakisiwa kufa kwa sababu ya mafuta. Mengi ya yaliyokufa miambani yaliuawa na dawa. Hizi ni hesabu mbili, na zikichanganywa hatujifunzi neno.

Faida iliyotoka humo ni sheria. Mwaka 1969 mataifa yalipatana ya kwamba mwenye merikebu ya mafuta atalipa hasara ya mafuta yake, na mwaka 1971 yakapatana kuweka hazina ya pamoja, ichangiwayo na wale wapokeao mafuta kwa merikebu, kuwalipa walioharibiwa pale ambapo malipo ya mwenye merikebu hayatoshi. Mapatano hayo yalitengenezwa upya mwaka 1992, na Kenya na Tanzania zimo katika mataifa yaliyoyashika.

Sasa tutazame kilele cha ile orodha ya tani. Merikebu iliyomwaga mafuta mengi kuliko zote ni Atlantic Empress. Jioni ya tarehe 19 Julai 1979, katika mvua kubwa, iligongana na merikebu nyingine ya mafuta iitwayo Aegean Captain, karibu na kisiwa cha Tobago katika bahari ya Karibi. Zote mbili ziliwaka. Aegean Captain iliokolewa. Atlantic Empress ilivutwa mbali na visiwa, ikaendelea kuwaka na kulipuka, ikazama mwanzoni mwa Agosti. Tani 287,000 zilipotea, zaidi ya mara mbili ya zile za Torrey Canyon. Mabaharia 27 walikufa. Walakini visiwa vya jirani vilipata uchafu mdogo tu, maana mengi yaliungua, na pepo na mikondo vikayapeleka yaliyobaki katika bahari kuu. Ni watu wangapi leo walijuao jina la Atlantic Empress? Wachache sana.

Jina lijulikanalo ni Exxon Valdez, ambayo katika orodha ya tani haimo hata katika thelathini za kwanza. Ilimwaga tani zipatazo 37,000 tu. Lakini iligonga mwamba, baada ya usiku wa manane wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, ndani ya ghuba ya Prince William katika Alaska: maji yaliyozungukwa na milima na visiwa, baridi, yenye samaki na ndege na wanyama wengi wa baharini. Siku tatu za kwanza hali ilikuwa shwari, na vyombo vya kuyazuia mafuta vilikuwa vichache na vilichelewa. Kisha tufani likaja likayatawanya. Pwani yenye urefu wa kilometa 2,100 hivi ilipata mafuta. Ndege wakisiwa kufa 250,000. Hata baada ya miaka zaidi ya ishirini, ukifukua mawe ya fuko zingine ulikuta mafuta chini yake.

Katika ghuba hiyo kuna kijiji kiitwacho Chenega. Wenyeji wake ni Waalutiiq, na wengi wao ni Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1964, tarehe 27 Machi, nchi ya Alaska ilitetemeka kwa nguvu isiyo na kifani, na wimbi la bahari likakifagia kijiji chao cha kale. Theluthi moja hivi ya watu walikufa. Waliosalia walitawanyika miaka ishirini, kisha wakarudi wakajenga kijiji kipya katika kisiwa kingine mwaka 1984. Tarehe 24 Machi 1989, siku Exxon Valdez ilipopanda mwamba, ilikuwa tena Ijumaa Kuu. Merikebu ilipogonga hapakufa mtu hata mmoja. Lakini watu wa Chenega huishi kwa samaki na chaza na nyama ya sili, nao walikaa muda mrefu wakiogopa kula chakula cha maji yao wenyewe, wakila cha makopo kilicholetwa kwa merikebu. Ni tani ngapi za mafuta zilizo sawa na hofu hiyo? Mahakama ilijaribu kupima kwa fedha. Mwaka 1994 wazee wa baraza la mahakama waliiamuru kampuni ilipe dola bilioni 5 kuwa adhabu, mbali na fidia. Kampuni ikakata rufani mara kwa mara. Na mwaka 2008 mahakama kuu ya Marekani ikaipunguza adhabu hiyo kuwa dola milioni 507 na kitu. Katika miaka kumi na minne ya kungojea, wengi wa waliodai walikufa.

Mtu aweza kusema: basi kipimo na kiwe ukaribu wa pwani, na mambo yaishe. Hata hilo halitoshi. Tarehe 5 Januari 1993 merikebu Braer ilivunjika kwenye miamba yenyewe ya visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, ikamwaga tani 84,700, zaidi ya mara mbili ya Exxon Valdez. Watu wakatazamia maangamizi. Lakini mafuta yake yalikuwa mepesi, na tufani iliyovuma siku zile ilikuwa kali ajabu; mawimbi yakayapondaponda mafuta, yakayachanganya na maji, hata juu ya bahari hayakuonekana sana. Ndege waliokutwa wamekufa walikuwa 1,500 hivi. Hasara ilikwenda mahali pengine: dhoruba iliyachukua mafuta kama umande, ikayanyunyizia mashamba ya majani na kondoo, na wafugaji wa samaki walizuiwa kuuza samaki wao.

Kwa hiyo anayetaka kuupima msiba wa namna hii lazima aulize aina ya mafuta. Mepesi hupanda hewani upesi, ijapokuwa sumu yake ni kali siku za kwanza. Mazito hukaa, hunata, hugeuka kama lami. Aulize bahari: palipo na mawimbi makubwa bahari hujisafisha, na palipotulia mafuta huketi. Mtu wa pwani yetu, tangu Lamu hata Mtwara, hahitaji kufundishwa tofauti ya mwamba upigwao na bahari kuu na hori yenye mikoko. Mkoko huvuta pumzi kwa mizizi itokezayo juu ya tope. Mafuta mazito yakiipaka mizizi hiyo, mti hukosa pumzi ukafa, na kamba na kaa na samaki wachanga waliojificha chini yake hukosa nyumba. Tani mia moja katika hori kama hilo zaweza kuumiza kuliko tani elfu nyingi zilizo mbali katika bahari kuu.

Mpaka hapa nimenena sana habari za mafuta, kama desturi ya waandishi wa mambo haya. Yafaa sasa tuwageukie watu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Luka atuhadithia jinsi merikebu iliyomchukua Paulo ilivyovunjika karibu na kisiwa cha Melita. Ilikuwa na shehena ya ngano, nayo ngano ikatupwa baharini. Luka hakuandika ilikuwa vipimo vingapi. Aliandika kwamba waliokuwamo walikuwa roho 276, na kwamba wote walifika pwani salama. Yule mwandishi alijua ni hesabu ipi ya kutunza.

Hesabu hiyo haikutunzwa Ufilipino. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1987, merikebu ya abiria Doña Paz ilikuwa ikienda Manila imejaa watu waliokuwa wakienda kula Krismasi na jamaa zao. Iligongana na merikebu ndogo ya mafuta iitwayo Vector, isiyokuwa na leseni halali, yenye mapipa 8,800 tu ya petroli na mafuta mengine. Hayo hayafiki hata sehemu moja katika mia mbili ya shehena ya Atlantic Empress. Moto ukaenea juu ya bahari kuzunguka merikebu zote mbili. Waliookoka walikuwa 26: abiria 24 wa Doña Paz, na mabaharia wawili wa Vector. Orodha ya abiria ilikuwa na majina kama 1,500, ndiyo hesabu iliyotangazwa kwanza. Kisha watu wakaja kutoka visiwa mbalimbali, kila mmoja akiuliza habari za ndugu yake, na ndugu huyo hakuwa katika orodha. Baada ya uchunguzi ikakubaliwa kwamba waliokufa walipita 4,000. Hakuna ajali ya merikebu wakati wa amani ijulikanayo kuwa iliua watu wengi kuliko hiyo. Hata hivyo, katika hesabu ya mafuta yaliyomwagika ni jambo dogo.

Nasi tunalo la kwetu, ijapokuwa ni la ziwani. Meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa imejengwa kwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa; wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hesabu ya serikali ni watu 894 waliokufa. Lakini aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa jina alipopanda, na kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba hesabu hiyo imetimia. Namwomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini kuliko yote niliyoandika. Ukubwa wa msiba waweza kupunguzwa kabla ya msiba kutokea, kwa karani kutoandika.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, ambalo makao yake pia ni London, liliweka mwaka 2008 kanuni za kuchunguza ajali, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010. Humo ajali huitwa mbaya sana ikiwa na moja katika mambo matatu: merikebu imepotea kabisa, au mtu amekufa, au mazingira yameharibiwa vibaya. Mtu mmoja yatosha. Kanuni haikusema kumi wala mia. Na juu ya uharibifu wa mazingira, hakuna tani zilizotajwa. Nchi iliyoharibiwa yenyewe, au nchi yenye bendera ya merikebu, ndiyo ipimayo kama madhara ni makubwa. Jina hilo si pambo. Ajali iitwapo mbaya sana, nchi yenye bendera hulazimika kuhakikisha kwamba uchunguzi umefanywa. Mimi naona kipimo hiki ni bora kuliko cha tani, kwa sababu kinamwita aliyeumizwa aje aseme.

Kipimo hicho kilijaribiwa katika bahari yetu ya Hindi. Tarehe 25 Julai 2020, merikebu Wakashio, mali ya Wajapani yenye bendera ya Panama, ilikuwa ikienda Brazili tupu, bila shehena. Ilisogea karibu mno na kisiwa cha Morisi, kwa sababu, kama uchunguzi ulivyoonyesha, waliokuwamo walitaka kupata mawasiliano ya simu zao. Ikapanda mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny. Tangini mlikuwa na mafuta ya kuendeshea mitambo yapatayo tani 3,900. Siku kumi na mbili yalikaa ndani, watu wakiitazama merikebu pale mwambani. Tarehe 6 Agosti yakaanza kutoka, na zipatazo tani 1,000 zikaingia katika maji ya ndani ya mwamba, penye matumbawe na mikoko na hifadhi ya bahari ya Blue Bay.

Watu wa Mahébourg na vijiji vya jirani hawakungoja. Walishona magunia marefu, wakayajaza majani makavu ya miwa, ambayo kisiwa hicho hakiyakosi, wakafunga chupa tupu ili yaelee, wakayatandaza majini kuyazuia mafuta. Wengine walikata nywele zao ziwekwe humo, kwa kuwa nywele hushika mafuta. Wavuvi waliopoteza kazi yao ndio walioingia majini kwanza.

Kwa tani, Wakashio ingepita kidogo tu mpaka wa tani 700. Tena katika orodha niliyoianza nayo haimo kabisa, maana orodha ile ni ya merikebu zichukuazo mafuta kuwa shehena. Hapo ndipo penye ubaya kwa mvuvi. Ile hazina ya pamoja iliyotokana na msiba wa Torrey Canyon hulipa kwa ajili ya merikebu za mafuta. Kwa Wakashio haikuwa na neno. Yaliyobaki ni mapatano ya mwaka 2001, yawalazimishayo wenye merikebu za namna zote kuwa na bima ya mafuta ya mitambo yao. Lakini kikomo cha malipo yake hufuata mapatano mengine, nacho hupimwa kwa ukubwa wa merikebu, bila kutazama ukubwa wa hasara. Morisi ilikuwa imeshika mapatano ya zamani ya mwaka 1976, ambayo kikomo chake ni cha chini kuliko kile cha mapatano ya 1996 yaliyoshikwa na Japani. Basi kabla mafuta hayajamfikia mvuvi wa Mahébourg, kiasi cha juu awezacho kudai kwa sheria kilikuwa kimekwisha kukatwa, katika karatasi ambazo yeye hakupata kuziona. Nchi nyingine za pwani ya bahari hii zafaa zizitazame karatasi zao wakati bado kuna utulivu.

Wakashio ilivunjika vipande viwili tarehe 15 Agosti. Mabaharia wake 20 waliokolewa wote. Lakini tarehe 31 Agosti, usiku, bahari ikiwa mbaya, mashua ya kuvutia iliyokuwa imeshughulikia kazi ya kuondoa mafuta iligongana na tishali iliyokuwa ikilivuta, ikazama. Mabaharia watatu walikufa, na nahodha wao hakuonekana tena. Tukiipima kwa ile kanuni ya mwaka 2008, ajali hiyo ya pili nayo ni mbaya sana.